Pipa la mboji lisiloingiliwa na panya
Panya walikuwa wakichimba na kuingia kwenye pipa letu la mboji kutoka chini, kwa hiyo jiwe tuliloweka juu ya mfuniko halikuwazuia, bali lilimzuia mama, anayetumia kiti cha magurudumu. Niliunda pipa pana lenye miguu mifupi, mdomo wake ukiwa sentimita 80 hivi kutoka ardhini ili alifikie akiwa ameketi ubavuni, kisha nikaziba sakafu na tundu zote za hewa kwa wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu yasiyozidi milimita 6; wavu wa banda la kuku, ingawa ni rahisi kuukunja, hupitisha panya wadogo. Mfuniko mwepesi una bawaba na komeo refu linalofunguliwa kwa mkono mmoja. Nyama hatutii humo kamwe.