Nahodha wa Mkokoteni

Sikuwahi kupanda mkokoteni maishani mpaka Novemba 2023, Kisauni, Mombasa, tena nimevaa kanzu ya kuendea nikaha ya mpwa wangu.

Safari ya kutoka Tanga sina la kuisimulia. Likoni tuliisubiri feri saa nzima chini ya mvua. Kila nivukapo pale huikumbuka feri ya Mtongwe iliyopinduka Aprili 1994 ikaua watu 272, basi macho yangu hayabanduki kwenye maboya.

Kisauni dereva wa tuktuk alichukua shilingi 400 zangu kisha akanishusha kwenye ukingo wa maji. "Mwisho hapa, mzee." Barabara ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, ndala na chupa za plastiki zinaelea, na paa la dada yangu naliona kwa macho!

"Mia tu, shekhe. Kanzu hailowi," aliniita mwenye mkokoteni.

Mia ya Kenya ni zaidi ya 1,500 za kwetu, kwa hatua zisizofika mia mbili. Nikapanda. Mwenye mkokoteni alikuwa mtu mzima, kikoi kimekunjwa hadi mapajani. Alikwenda polepole, akiyatazama maji yanapozunguka, akikwepa mashimo nisiyoyaona.

"Kaa kati. Ukiegemea omo, twainama."

Omo, yaani mbele ya chombo! Nikamuuliza kama ni mvuvi.

"Nilikuwa. Mashua ilinizamia Julai, upepo wa kusi umeshika. Watu walinikataza. Mtoto adaiwa karo, nikatoka." Usiku foromali, mti unaoshika tanga, ikakatika. Wakatoa maji chomboni kwa ndoo, yakawashinda, chombo kikalala ubavu. Yeye na mwenzake walikumbatia dumu tupu la lita ishirini, kila mmoja mkono mmoja, mpaka alfajiri jahazi la mashine likawaona. "Walituvuta kwa kamba, wakatupa uji. Hawakututoza hata senti."

Aliposema hivyo alikuwa amesimama katikati ya maji.

"Hapa pana kina. Ongeza hamsini."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Nikatoa.

Kwetu Ngamiani, Tanga, watoto wangekuonyesha njia bure: pita huku, babu, kanyaga tofali. Au ndivyo ninavyopenda kukumbuka. Mara ya mwisho mtaa wetu kujaa maji, mimi nilikuwa dirishani na kikombe cha kahawa, sikumvusha mtu.

Aliniteremsha kwenye ngazi za dada, kanzu kavu kweli. Akahesabu noti zake, akaangalia upande wa mkono wa bahari.

"Maji ya mvua hayana pa kwenda, bahari imejaa. Saa kumi itakupwa, na hapa patakauka."

"Mbona hukuniambia kule?"

"Nikaha si saa nane?"

Nilitoka saa kumi na moja. Matope matupu. Mkokoteni umeegemezwa ukutani, mwenyewe amekaa juu yake anakula mahamri. Akaniinulia mkono, nami nikapita kwa miguu, viatu mkononi, pindo la kanzu limeshaingia tope.