Siku yangu moja ya kaskazi hapa Tanga: cherehani, vibua na wali wa kwanza wa binti yangu

Mi ni fundi cherehani, nakaa Makorora hapa Tanga mjini na nashonea barazani kwangu. Nyumba ina watu sita: mimi, baba watoto anaendesha bajaji, watoto watatu, na mama mkwe wangu ambae watoto wanamuita Bibi na mimi pia siku hizi namuita hivohivo. Nimetaka kuandika siku ya jana kama ilivyokua, maana tupo mwisho mwisho wa kaskazi, ule upepo wa msimu wa joto, joto linafika digrii 32 mpaka 33 na hewa imejaa maji, Ramadhani imebaki wiki moja na kitu, na jikoni kwangu jana kuna jambo limetokea sitaki nilisahau.

Saa 11 na robo alfajiri

Naamka na adhana. Msimu huu wa joto kazi kubwa ya jiko nimeihamishia alfajiri, kwasababu kuanzia saa nne huko nyuma hakukaliki, bati linawaka na ukiwasha moto na wewe unapikwa. Nikishaswali nawasha gesi, tuna ule mtungi mdogo wa kilo 6, nauhifadhi kwa vitu vya haraka tu kama chai, vingine vyote ni mkaa. Chai ya rangi na mchaichai nilioupanda pale kwenye ndoo mlangoni, mihogo nimeimenya tangu usiku ikalala kwenye maji, naichemsha na chumvi basi. Ikishapasuka pasuka namwaga maji naifunika inajikausha na mvuke wake. Pembeni pilipili ya kusaga na ndimu. Watoto wanakula huku nusu wamelala, Bibi anakula taratibu na kila siku ananiambia muhogo wa leo mtamu, hata siku ukiwa na kamba.

Baba watoto anatoka saa 11 na nusu, ila hajaanza kubeba abiria anapita kwanza mwaloni Deep Sea. Ukichelewa pale mpaka saa mbili unakuta samaki wameshapigwa na jua, na kwa joto hili samaki aliepigwa na jua ni hasara tupu. Kaskazi bahari imetulia, ngalawa na mashua zinatoka kila siku na zinarudi na kitu, kuliko kipindi cha kusi ambacho kuna siku unaenda unakuta meza tupu. Jana kaleta vibua, fungu moja la shilingi 5,000, macho yanang'aa bado, kaniachia kwenye ndoo mlangoni kapiga honi kaondoka.

Saa 12 na nusu

Watoto wawili wameshaenda shule, mkubwa, huyo binti yangu, yupo darasa la sita na wa pili darasa la kwanza, mdogo ana miaka mitatu anashinda na Bibi. Hapa nashughulika na vibua. Hatuna friji, ilikuepo ikafa, na sijaona haja ya kulia lia maana Bibi kalea watoto saba bila friji. Yeye ndo alienifundisha: samaki akiingia ndani asikae hata nusu saa. Natoa matumbo na mashavu, naosha kwa maji mengi, napaka chumvi, ndimu, kitunguu swaumu na bizari ya manjano kidogo, naacha kidogo tu vikolee alafu vyote naingiza kwenye mafuta yaliyochemka vizuri, navikaanga mpaka vikauke kabisa. Kibua kilichokauka hivo kwangu kinakaa mpaka usiku, mchana unatoa viwili vitatu vya ugali na usiku unavitia kwenye mchuzi.

Na kitu kingine, watu wengi wanakosea hapa, joto kama hili chakula cha nazi usikipike kingi ukasema kitalala. Mboga ya nazi ikilala kaskazi hata kama umeichemsha kabla ya kulala asubuhi unaikuta ina povu, imechacha. Kwahiyo kama nataka mchuzi ulale nautia kitu kikali, ukwaju au embe bichi au ndimu, na nazi siweki kabisa. Nazi napika ya kuliwa palepale ikaisha. Wala sio ubahili, nazi yenyewe siku hizi bei imepanda mno, hata hizi zinazotoka Pangani hapa jirani, jana nimenunua mbili kwa 3,000. Ukimwaga mboga ya nazi umemwaga hela.

Saa 2

Nakimbia soko la Mgandini mara moja. Karoti, hoho na nyanya zinashuka toka Lushoto kule kwenye baridi, asubuhi ukizishika bado ngumu na zina ubaridi wake, ikifika mchana hapa kwetu zishalegea. Nikachukua nyanya, vitunguu, mchicha mafungu mawili, na maembe mabichi mawili, ya mwisho mwisho haya, msimu ndo unaisha na yule mama muuzaji kaniambia mwanangu chukua maana wiki ijayo usinitafute. Tende na tambi zimeshaanza kupangwa mbele mbele, watu wanajiandaa na futari. Nikaziangalia nikaondoka, hela ya tambi naisubiri kwa wateja.

Saa 3 mpaka saa 6

Hapa ndo kazi yenyewe. Shaabani, huu mwezi wa kabla ya Ramadhani, kwa fundi ndo mlango wa msimu, wateja wa Idi wanaojua kujipanga wanaleta vitambaa sasahivi, wale wengine wataleta ishirini na saba ya mfungo na watataka nguo mkesha wa sikukuu. Jana nilikua na madira manne ya kukata, kanzu mbili za watoto na sare moja ya shule ya kupandisha pindo. Saa 5 hivi umeme ukakatika. Feni ikasimama, jasho likaanza kudondokea kitambaa cheupe cha kanzu, ikabidi nijifunge kitambaa kichwani kama mpishi wa shughuli. Ovaloki haifanyi kazi bila umeme ila cherehani yangu ni ya kukanyaga, ya marehemu mama yangu mzazi, hiyo haijawahi kuniangusha, nikaendelea kuunga tu na za kuzungushia nikaziweka pembeni.

Bibi alikua amekaa mkekani karibu yangu na mdogo, anachambua mchele kwenye ungo. Nieleze hapa kidogo. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, jicho la kushoto haoni kabisa na la kulia anaona kivuli kivuli tu, tunasubiri tarehe ya kufanyiwa upasuaji. Lakini mchele anachambua. Anautandaza, anaupitisha vidole taratibu, jiwe analijua kwa kulishika, chuya anaijua pia. Mimi ninaeona nikichambua mimi watu wanang'ata mawe, akichambua yeye haliponyoki hata moja.

Basi ndo akaniambia, "Mwanangu, Ramadhani hii utashona mpaka usiku, mimi jiko siliwezi tena peke yangu. Huyu mtoto leo apike yeye wali." Nikamwambia Bibi huyu bado mdogo, ana miaka kumi na mbili, na wali wa nazi si wa kuanzia, aanze na ugali. Akasema mimi nilipika shughuli nina miaka kumi na mitatu. Nikanyamaza, kwa Bibi ukishaambiwa hivo maneno yameisha.

Saa 8 mchana

Chakula cha mchana haraka haraka, ugali, mchicha wa kukaanga na kibua nusu nusu. Baba watoto anarudi muda huu kila siku kwasababu saa saba mpaka saa tisa abiria hakuna, watu wamejificha na jua, anapaki bajaji chini ya mwarobaini anatandika mkeka analala. Majirani wote wapo pale chini, kuna anaesuka, kuna anaemenya vitunguu swaumu, upepo kidogo wa baharini ukipita unasikia watu wanasema aaah kwa pamoja. Hiyo saa moja naipenda sana, hakuna anaemdai mtu kitu.

Saa 11 na nusu jioni

Binti karudi madrasa, kabadilisha nguo, nimemfunga kanga kiunoni. Alikua na hofu, naona mikono inacheza. Bibi kawekewa kigoda mlangoni mwa jiko, kakaa na mkongojo wake na kaniambia mimi nirudi barazani. Nilirudi lakini sikushona, niliegemea ukutani nikawa nasikiliza.

Akaanza na mbuzi ya kukunia, nazi mbili. Bibi anamwambia usikune kwa nguvu, ukisikia inalia nzito ushafika kwenye kifuu, geuza, tui lisije likawa na weusi. Kweli akigeuza mlio unakua mwepesi. Tui la kwanza kakamua kwa maji ya vuguvugu kikombe kimoja tu, kwenye kifumbu, likatoka zito limekaa pembeni kwenye bakuli. Machicha yakatiwa maji tena, likatoka tui la pili jepesi la kuivishia wali, akalitia sufuriani na chumvi juu ya mkaa. "Koroga usiache, likichemka hujakoroga litakatika." Anakoroga huku jasho linamtoka. Bibi akaomba tone kwenye kiganja, akaonja, akasema ongeza chumvi, tui likiwa na chumvi sawasawa na mchuzi ndo wali utakua sawa, maana mchele unakunywa chumvi.

Mchele ukaingia, kilo moja. Akataka kufunua funua mfuniko kila dakika. Bibi akamshika mkono, akamwambia acha, sogea hapa, sikiliza. Wakanyamaza wote wawili. Na mimi nikanyamaza huku barazani. Mwanzo sufuria ilikua inachemka kwa sauti nene, blu blu blu. Baadae ikawa ndogo. Alafu ikawa kama inanong'ona, chii chii kwa mbali. Bibi akasema, "Umesikia? Maji yameisha, sasa mpe tui lake zito." Binti akafunua, kweli, vishimo vishimo juu ya wali na maji hayaonekani. Akamwaga tui zito akazungusha na mwiko taratibu toka pembeni, akapunguza mkaa chini, akapalia makaa juu ya mfuniko.

Miaka kumi na minne nipo nyumba hii na wali nilishafundishwa na Bibi huyohuyo, lakini zamani alikua ananionyesha kwa macho, "ukiona hivi, ukiona vile". Kusikiliza hakunifundisha. Nadhani hata yeye amekujua huku kusikiliza baada ya macho kwenda. Machozi yalinitoka kidogo, nikajifuta na kipande cha kitambaa cha dira la watu.

Mchuzi nilipika mimi kwenye gesi wakati wali unapaliwa, maana magharibi ilikua inakaribia. Kitunguu, nyanya za kutosha mpaka ziachie mafuta, bizari, yale maembe mawili nimeyakata vipande, pilipili mbuzi moja nzima haijapasuliwa, maji, yakichemka vibua vinarudi mle dakika kumi. Bila nazi, nilishasema.

Saa 1 na nusu usiku

Umeme umerudi tushamaliza kuswali, watoto wamepiga kelele mtaa mzima. Tumekula uani, sinia moja kubwa mkekani. Wali uliiva, punje moja moja, upande wa chini tu kulikua na bonge kidogo alipozidisha mwiko. Baba watoto hakua na habari, akala tonge tatu akaniambia mke wangu leo wali wako mtamu, watoto wakacheka, binti kainamisha kichwa. Alipoambiwa alipika nani akaacha kula kabisa, akamwangalia, akamwambia "mama" — anamuita mama kwasababu ana jina la mama yake — "mama, ahsante." Basi hivo tu. Ukoko kawaida unagombaniwa na jana wadogo walishashika vijiko, ila Bibi akasema ukoko wa leo ni wa mpishi. Binti akaubeba wote kwenye sahani, akakata kipande kile chenye mafuta zaidi cha katikati, akataka kumtafunia Bibi. Bibi kagoma, akasema loweka kwenye mchuzi utalainika. Wakala wawili.

Saa 3 na nusu

Wamelala. Nimezungushia ovaloki yale madira manne, kanzu za kuweka vifungo nimeacha. Mchuzi uliobaki nimeuchemsha mpaka umetokota vizuri nimeuacha bila kuukoroga tena, umefunikwa na kawa. Wali haukubaki.

Kabla hajalala binti aliuliza, Bibi kesho nipike tena? Bibi akamjibu kesho maharage, na maharage hayasikiki, yana kazi yake, mwambie mama yako aloweke. Kwahiyo nikatoka tena jikoni na tochi ya simu, nikapima vikombe viwili, nikayaosha, nikayatia maji.