"Baada ya" si "kwa sababu ya"

2021 zile chanjo za korona za AstraZeneca za COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, ziliingia Kenya mwezi wa tatu, shangazi yangu wa Umoja ni mwalimu so akadungwa mapema tu. Wiki mbili hivi baadaye miguu ikaanza kuisha nguvu, kutoka kitandani mpaka ashikwe, akalazwa, wakasema ni Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili inageuka inapiga neva zako mwenyewe.

Alipotoka nikamwambia kuna fidia ya COVAX ya nchi 92, Kenya tuko ndani, hushtaki mtu wala huulizwi nani alikosea. Nikadhani ni kazi ya jioni moja pale saiba. Wapi! Kosa hauonyeshi lakini chanzo lazima, uonyeshe ni chanjo ilileta, na ripoti ya hospitali, ukiitoa kwa Kizungu, ilisema tu miguu ililegea "baada ya chanjo". Hata mvua ilinyesha baada ya chanjo jamani.

Wakili mmoja tunasali naye akaniambia Marekani wako na jedwali lao la madhara ya chanjo, ukidungwa chanjo ya mafua halafu Guillain-Barré ikuanze kati ya siku ya 3 na ya 42 inachukuliwa ni chanjo, mpaka ionekane kuna sababu ingine. Kama shida yako haiko kwa jedwali, tangu kesi ya Althen ya 2005 kwa korti zao unaleta nadharia ya kidaktari, vile mambo yalifuatana mpaka ukaumia, na muda unaoingiana. Nikaona eh, wiki mbili si iko sawa kabisa, tukarudi kwa daktari atubadilishie hiyo "baada ya" iwe "kwa sababu ya".

Daktari hakukataa, aliuliza tu, "Mama, kabla ya miguu, ulikuwa na homa ama kuhara?" Nilitamani shangazi anyamaze, Mungu anisamehe. Lakini yeye na ukweli! "Eeh, nilihara siku tatu, tulikuwa tumetoka kula kuku kwa matanga." Daktari akashusha kalamu, akatueleza kuna bakteria wa kuku asiyeiva, na hao wanajulikana sana kwa kuleta huo ugonjwa.

Akaandika "inawezekana".

Tukashuka ngazi polepole, mkongojo mkono mmoja, mimi mkono ule mwingine, akaniuliza, "Sasa hiyo inawezekana ni shilingi ngapi?"

Fomu tulituma hivyo hivyo, na kuhara ndani.