Nilivyochunguza tundu katikati ya Sagittarius B2

Sagittarius B2 ni wingu kubwa la gesi na vumbi karibu na kitovu cha galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000. Nyota kubwa zinazaliwa humo na kulipasha vumbi joto, nalo vumbi hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake katika infraredi ya mbali, mwanga wa mawimbi marefu ambao jicho halioni. Nilitaka kupima viini vyake viwili maarufu kwenye mikromita 250, kwa data za Herschel, darubini ya anga za juu. Lakini kwenye ramani ya Hi-GAL, mradi uliopiga picha ukanda wa Njia Nyeupe, pale panapong'aa kuliko pote hapakuwa na kitu. Pikseli tupu.

Jibu la haraka ni kwamba vitambuzi vilijaa, yaani mwanga ulizidi kiasi vinachoweza kupima. Ni jibu sahihi, ila halinisaidii, kwa kuwa pikseli huachwa tupu kwa sababu zaidi ya moja, na baadhi ya sababu hizo zina tiba. Ramani iliyokamilika haisemi ni ipi. Nikaiweka kando, nikachukua data za awali kutoka hifadhi ya ESA, shirika la anga za juu la Ulaya (hazilipiwi), nikazifungua kwa HIPE, programu ya kuchakata data za Herschel, na kuchora usomaji wa kitambuzi kimoja kimoja.

Kifaa kilichohusika ni SPIRE, kamera ya Herschel yenye bolomita 139 za mikromita 250; bolomita ni kitambuzi kinachopima mwanga kwa joto unaoleta. Kila bolomita hupoozwa hadi karibu kelvini 0.3. Mwanga ukiifikia inapata joto, ukinzani wake unashuka, na volti inabadilika. Katika Hi-GAL darubini ilipita angani kwa kasi ya sekunde 60 za tao kwa kila sekunde (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na SPIRE ilisoma mara 10 kwa sekunde. Kwa hiyo kila usomaji uko sekunde 6 za tao kutoka uliotangulia, na mwali wa kitambuzi, yaani doa la anga kinaloliona kwa mara moja, una upana wa kama sekunde 18 za tao. Kiini chenye umbo la nukta kinasomwa basi mara tatu hivi kila kitambuzi kinapokipitia. Ni mara chache, lakini zinatosha kuonyesha umbo.

Sababu ya kwanza ilionekana mara moja kwenye data za ngazi ya 0.5, ambazo bado ziko katika volti. Mstari unashuka kuelekea kiini, kwa kuwa mwanga zaidi hupunguza volti, kisha unakatika bapa. Huo ni ukomo wa saketi inayogeuza volti kuwa namba. Mizani ya sokoni yenye mwisho wa kilo 20 hufanya hivyohivyo: uweke gunia la kilo 30 au la 90, mshale unasimama palepale.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba vitambuzi jirani havikukatika mahali pamoja. Katika SPIRE kila kitambuzi kilipangiwa kianzio chake mwanzoni mwa uchunguzi, kulingana na volti iliyokuwapo wakati huo. Kwa hiyo nafasi iliyobaki hadi ukomo inatofautiana kati ya kitambuzi na kitambuzi, na hata kati ya uchunguzi na uchunguzi. Ukiniuliza SPIRE ilijaa kwenye mwanga kiasi gani, siwezi kukupa namba moja. Lazima kila kitambuzi kiulizwe peke yake.

Sababu ya pili ni ya kifizikia. Bolomita ikipata joto kupita kiasi, wepesi wake wa kuhisi unapungua, hivyo ongezeko lilelile la mwanga huzaa badiliko dogo zaidi la volti. Fomula ya kugeuza volti kuwa mwanga imezingatia mkunjo huo, lakini ndani ya masafa yaliyopimwa tu. Nje ya hapo usomaji bado upo, haujakatwa, ila unabeba shaka kubwa. Hii niliihifadhi, nikaiwekea alama yake.

Ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Programu ya kuondoa alama za miale ya kosmiki, chembe zenye nishati kubwa zinazogonga vitambuzi, hutafuta miruko ya ghafla, na kwa kasi ile chanzo chenye mwanga mkali nacho ni mruko wa ghafla. Kupambanua si vigumu. Mwale wa kosmiki hugonga bila kujali darubini imeelekea wapi, lakini chanzo halisi hurudi kila kitambuzi kinapofika pale pale angani, na hurudi tena Herschel inapopita kwa mwelekeo wa kukatiza ule wa kwanza. Nililinganisha kwa viwianishi vya anga, si kwa saa, na usomaji uliorudi namna hiyo nikaurejesha.

Baada ya hapo tundu lilipungua, halikuisha. Kwa nyota iliyo peke yake ningeweza kukadiria kilele kutokana na kingo, nikitumia umbo la mwali lililopimwa kwa sayari ya Neptuni. Sagittarius B2 hairuhusu hilo: viini viko chini ya dakika moja ya tao kutoka kwa kimoja hadi kingine, navyo vimezama ndani ya wingu linalong'aa. SPIRE ilikuwa na mpangilio maalumu wa vyanzo vikali, lakini heliamu ya Herschel iliisha tarehe 29 Aprili 2013, kwa hiyo hakuna wa kuombwa arudie. Kwenye jedwali langu viini hivyo viwili vina kikomo cha chini tu, yaani mwanga wao haupungui hapo, na pembeni nimeorodhesha vitambuzi vilivyokatika juu yake.