Milo 12 ndani ya saa 2

Nilikwenda kwenye jiko la kuandalia milo ya kugandisha, nipate milo 12 ndani ya saa 2. Jikoni mle hapakuwa na moto uliowashwa. Meza ndefu za chuma, vyombo vya viungo vimepangwa juu ya barafu, na kwenye kila meza kadi ya maelekezo iliyobandikwa usawa wa macho. Majiko ya namna hii yalianza kuenea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mteja hapiki: anapima, anachanganya, anafunga, kisha anaondoka na milo mibichi akaipikie kwake. Vitunguu vilishakatwa, na kusema kweli hapo ndipo muda unapookolewa.

Nilianza na kuku: mapaja 6, mafuta vijiko 2 vya mezani, vitunguu saumu punje 3, chumvi kijiko 1 cha chai. Viungo hutangulia na nyama mbichi huja mwisho, ili mikono iliyoshika kuku isirudi kwenye chombo cha chumvi. Juisi ya limau niliipunguza nusu. Limau haliachi kazi mfuko ukishafungwa. Huendelea kuilainisha nyama hadi igande, kisha huanza tena inapoyeyuka.

Mdomo wa mfuko wa zipu hukunjwa kwa nje kama mkono wa shati, mfuko ukasimamishwa ndani ya jagi. Ule wa kwanza sikuukunja. Mafuta yakaingia kwenye mfereji wa zipu. Nikafuta, nikabana, ukafunguka. Nikautia ndani ya mfuko mwingine. Lebo nazo hubandikwa kabla ya kujaza, maana gundi haishiki kwenye mfuko wenye baridi na unyevu. Jina la mlo, tarehe, joto la oveni, dakika.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, mifuko ikiwa kwenye boksi la baridi pamoja na vipande vya barafu. Nyama mbichi haifai kukaa nje ya baridi zaidi ya saa 2. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, niliilaza mifuko ikiwa bapa, unene kama sentimita 3, bila kuibebanisha hadi ilipoganda. Iliyobebanishwa ingali laini huchelewa kuganda katikati.

Mlo wa nyama na viazi ndio ulioniangusha. Viazi vilikuwa vibichi, vimekatwa vipande vidogo. Vilipoyeyuka vilikuwa vyeusi, vinatoa maji, na vikipikwa vinasagika kama unga uliolowa. Maji yaliyomo huganda na kuupasua mwili wa kiazi. Ama uvichemshe kidogo kwanza, ama uviongeze siku ya kupika.

Trei ya nyama ya kusaga nayo ilikuwa na kina cha sentimita 6. Niliitoa friza ikakaa kwenye jokofu usiku kucha iyeyuke, na bado moyo wake ulikuwa barafu. Niliiingiza kwenye oveni hivyo hivyo: kingo zikakauka, katikati kipimajoto kikasoma nyuzi 40, na nyama ya kusaga inataka 71. Niliifunika kwa foili na kuirudisha kwa dakika 35. Trei ya kina hicho ipewe siku mbili jokofuni.

Mfuko wenye zipu mbovu ulibaki wa mwisho. Pembeni, hewa ilipokuwa imeingia, paja moja lilikuwa limekauka na kuwa jeupe. Nikakata hapo, mengine yakaiva vizuri.