Kisu cha Pete ya Nanga

Bibi alipofariki na warithi wakakubaliana kuiuza nyumba ya Pangani, vitu vya ndani viligawanywa kwa heshima zote. Sanduku la njumu lilikwenda kwa shangazi mkubwa, kitanda cha besera kwa mjomba, sinia za shaba kwa mabinti. Vya uani havikuwa na mwenyewe. Vijana wanaonunua chuma chakavu walikuja na mizani yao ya ndoana wakabeba mabati, fremu ya baiskeli, sufuria zilizotoboka, na mwisho wakaufikia mnyororo wa nanga uliolala chini ya mkwaju tangu kabla mama hajazaliwa. Babu mzaa mama, aliyekuwa nahodha wa mashua, ndiye aliyeukokota kutoka ufukweni. Bibi akawa anafungia mbuzi wake pale.

Niliwaomba wanikatie pete tatu, nikazilipia kwa bei yao ya kilo. Mnyororo uliobaki ulipakiwa garini ukaenda kuyeyushwa uwe nondo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mjini Tanga. Kazi yangu ni mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Chuma ninachonunua dukani kikishika kutu, kutu hula uso mzima sawasawa au hutoboa vishimo. Pete zile zilikuwa zimeliwa namna nyingine kabisa. Kutu ilikuwa imechimba mifereji mirefu, sambamba, inayofuata mzunguko wa pete, kama ubao wa mvule uliopigwa na mvua miaka mingi. Mwalimu wangu wa ufundi aliwahi kutuambia kwamba ukikuta kutu ya namna hiyo, umekutana na chuma cha zamani, na usikitupe.

Chuma hicho hakitengenezwi tena viwandani. Mwaka 1784 Mwingereza Henry Cort alisajili njia ya kukoroga chuma ndani ya tanuri mpaka kaboni yake iungue, kisha bonge linalobaki likafuliwa na kukandamizwa likiwa moto. Kinachopatikana ni chuma laini, kaboni yake ndogo mno, ila mavi ya chuma, yaani takataka zinazoyeyuka pamoja nacho, hayatoki yote. Yanavutwa pamoja na chuma yanakuwa nyuzi nyembamba ndani yake. Minyororo ya meli ya karne ya 19 ilifuliwa kwa chuma hicho kwa sababu kinaungika vizuri motoni, na kikielemewa hunyumbuka kabla ya kukatika. Kisha akaja Mwingereza mwingine, Henry Bessemer, mwaka 1856 na njia ya haraka ya kupata feleji, chuma chenye kaboni zaidi na kigumu zaidi, na chuma cha kukoroga kikaanza kuachwa. Viwanda vya mwisho vya Uingereza vilifungwa miaka ya 1970.

Nilitaka kumfulia mama kisu cha jikoni kutokana na pete moja. Yeye ndiye aliyekulia uani pale. Shida ni kwamba chuma laini hakishiki makali, hata ukinoa kutwa nzima. Lazima kiungwe na feleji, na kuungwa huko ni kwa moto na nyundo, kazi ambayo mashine yangu ya kuchomelea haiijui. Rafiki yangu mmoja Mpare, fundi wa springi za magari, akaniambia, "Nenda kwa babu yangu Ugweno. Sisi ni Washana." Washana ni ukoo wa wahunzi wa Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini.

Nilisafiri mwezi wa Julai 2016. Basi lilipita Korogwe, Mombo na Same mpaka Mwanga, kisha gari dogo likatupandisha milimani kupitia Kikweni, ukungu umeshuka hata migomba ya kando ya barabara haionekani. Njiani niliwaza kwamba mzigo wangu unafuata njia yenye umri. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani ilifuata bonde la Mto Ruvu kwenda Upareni na Kilimanjaro, ikipanda na vitambaa, shanga na nyaya za chuma, ikishuka na pembe za ndovu. Wahunzi wa bara walizichukua nyaya zile wakazigeuza mikuki. Chuma cha baharini kimeanza zamani kufuliwa upya milimani.

Nilimkuta Babu kibandani kwake, mtu mfupi, mikono mipana. Nilimpa shikamoo nikamkabidhi pete. Hakusema kitu kwa muda. Aliichukua tindo, akaikata pete mpaka nusu ya unene wake, akaibana kwenye kisiki na kuipinda kwa nyundo. Chuma cha kawaida kingekatika kwa mkupuo mmoja na kuonyesha chembechembe. Hiki kilichanika. Nyuzi ndefu za kijivu zilitokeza mahali pa mkato, moja moja.

"Hiki kina nyama," alisema. "Kinafanana na cha wazee wetu. Nani alikufundisha kukitambua?"

Nilimweleza habari ya kutu. Akaniambia niketi.

Jioni ile, tukiwa tumezunguka moto na kikombe cha chai, alinisimulia habari za Washana, na namshukuru Mungu kwamba niliandika niliyoyasikia. Wazee wake waliokota mchanga mweusi wenye chuma katika vijito baada ya mvua, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Wachaga walinunua chuma cha Upareni kwa ajili ya mikuki na majembe yao. Na si biashara tu: simulizi za Ugweno, ambazo mwanahistoria Isaria Kimambo alizikusanya miaka ya 1960, zinasema Washana ndio waliotawala nchi hiyo mpaka ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, ulipowapindua. Waliondolewa kwenye utawala, lakini nyundo ilibaki mikononi mwao, maana hakuna mtawala anayeweza kulima wala kupigana bila mhunzi. Kilichokuja kuzima matanuri ni majembe ya kiwandani kutoka Ulaya. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, ikipita chini tu ya milima hii, jembe la dukani likawa rahisi kuliko mchanga wa kijitoni. Kufua hakukukoma. Wahunzi waligeukia vyuma vilivyoletwa na Wazungu, na baadaye springi za magari, na ndiyo kazi ya Babu hadi leo: mapanga, majembe, mundu, visu vya kuchinjia.

Asubuhi tulianza. Babu alipasha pete mpaka ikawa ya manjano, akaikata na kuinyoosha juu ya fuawe lake, ambalo ni kipande cha reli kilichokitwa kwenye gogo. Mjukuu wake mdogo alivuta mivukuto. Sheria ya kwanza niliyojifunza ni kwamba chuma cha nyuzi hakisubiri. Feleji ya springi unaweza kuigonga hata ikishuka kuwa nyekundu. Hiki ukikigonga kikiwa kimepoa kidogo, nyuzi zinaachana na ufa unakimbia urefu wote. Kila rangi ya manjano ilipoanza kufifia, Babu alikirudisha motoni bila kuangalia kama kazi imefika wapi. Mkaa mwingi uliungua kwa sababu hiyo. Hakuujutia, na mimi nilikuwa nimenunua magunia ya kutosha sokoni Kikweni.

Tulipata vibapa viwili vya chuma cha nanga. Katikati yake tuliweka kipande cha springi ya Land Rover kilichosuguliwa kwa tupa mpaka kikang'aa, tukavifunga vyote vitatu kwa waya. Mpango huu ni wa zamani duniani kote. Wakati feleji ilipokuwa ghali, wahunzi waliiweka mahali pa makali tu, na mwili wote ukawa chuma cha kawaida. Mimi nilikuwa nimebeba boraksi kutoka kwa sonara wa Tanga, ile wanayonyunyiza wakiunga dhahabu. Babu aliinusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, akasema ni nzuri, lakini akachukua mchanga wake mweupe uliochekechwa. Kazi ya vyote viwili ni moja: kuyeyuka juu ya chuma, kuzuia hewa, na kubeba uchafu uende zake.

Hapa ndipo penye roho ya kazi yote. Chuma laini kinataka moto mkali sana, karibu na weupe, ndipo kikubali kuungana. Springi, yenye kaboni takriban asilimia 0.6, ikifika huko inaungua na kubomoka. Kuna nafasi ndogo katikati, na hakuna kipimo kibandani isipokuwa macho na masikio. Bahati ni kwamba chuma cha nanga kilikuwa nje na springi ndani, hivyo moto ulikipata kwanza kile kinachouvumilia. Babu alimwambia mjukuu avute polepole, ili joto lizame ndani badala ya kuchoma ngozi tu. Mchanga uliyeyuka ukawa ute unaotiririka. Akainama kusikiliza. Nami nilisikia: moto ulikuwa umebadilisha sauti, kuna kuchemka kwa ndani. Cheche mbili za kwanza zilipopanda, alitoa bonge lile.

"Usipige," aliniambia, kwa sababu nyundo ya pili nilishika mimi. "Gusa."

Tuligusa kuanzia upande mmoja kwenda wa pili, ili ute ulioyeyuka usukumwe nje usifungiwe ndani. Uliruka kwa vishindo vidogo na kuunguza nyasi za mlangoni. Tukarudisha motoni, tukatoa tena, mapigo yakawa mazito kidogo. Mahali palipokuwa hapajaungana palitoa mlio mkavu chini ya nyundo, na giza liliingia haraka kwenye ule mstari wa katikati kwa sababu joto halikuwa linavuka. Tulipomaliza, mlio ulikuwa mmoja kutoka ncha hadi ncha na rangi ilipoa kwa pamoja. Babu alicheka kwa furaha ya kweli, akampigia kelele mkewe aje kuona. Sijawahi kuona mtu aliyefua chuma maisha yake yote akifurahi hivyo.

Kuunda kisu chenyewe kulikwenda haraka. Tulivuta ncha, tukakonda makali huku tukichunga feleji ibaki katikati, tukatengeneza mkia wa kuingia mpinini, kisha kisu kikazikwa katika majivu ya moto kipoe usiku kucha na kulainika. Kesho yake nilipiga tupa mpaka mabega yakaniuma. Feleji ilijitokeza kando ya makali, mstari mwembamba unaong'aa zaidi ya mwili.

Kukitia ugumu Babu alisubiri jua lizame, kwani mchana rangi ya chuma hudanganya. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio. Feleji ikifika karibu nyuzi 770 za Selisiasi sumaku haiivuti tena, na hapo unaongeza moto kidogo tu. Springi ikitumbukizwa kwenye maji inaweza kupasuka, kwa hiyo tulitumia mafuta ya alizeti yaliyopashwa kwenye mkebe. Kisu kiliingia wima, moshi ukatanda kibanda kizima. Tupa ilipopitishwa kwenye makali iliteleza bila kuuma, lakini ubavuni iliuma, maana chuma cha nanga hakina kaboni ya kukifanya kigumu. Ndivyo nilivyotaka: makali magumu ndani ya mwili usiovunjika.

Ugumu huo bado ni wa kioo, lazima upunguzwe. Babu hana jiko la kuoka. Alipasha kipande kinene cha chuma, akauegemeza mgongo wa kisu juu yake, tukatazama rangi zikitembea kuelekea makali: kwanza manjano ya majani makavu, nyuma yake hudhurungi, nyuma zaidi zambarau. Manjano yalipofika kwenye makali alikizamisha kisu majini kuzuia joto lisiendelee.

Mpini ulikuwa wa mpingo nilioubeba kutoka nyumbani. Mkia ulipashwa ukachomekwa, ukajichimbia njia yake wenyewe ndani ya mti. Kisha nikapaka ubapa maji ya ndimu, nikasubiri, nikafuta, nikapaka tena. Feleji iligeuka kijivu cheusi. Ubavuni zikatoka nyuzi: mistari iliyopinda pale nyundo ilipopita, ikakutana, ikaachana, ikifuata umbo la kisu kama ilivyokuwa imefuata mzunguko wa pete. Hakuna mtu aliyeichora. Ilikuwemo tangu siku chuma kile kilipokorogwa ng'ambo, miaka zaidi ya mia iliyopita, ikavuka bahari na kulala chini ya mkwaju wa bibi yangu.

Mama alikipokea Tanga, akakigeuzageuza karibu na dirisha, na siku hiyohiyo akapasulia changu wa chakula cha mchana. Anakitumia mpaka sasa. Akimaliza anakikausha na kukipaka mafuta ya nazi, kwa sababu chuma hiki kinataka kutunzwa, na hamruhusu mtu mwingine kukinoa.

Babu alikataa pesa zangu. Aliniomba pete moja, nikamwachia zote mbili pamoja na kipande cha springi kilichobaki. Mwaka uliofuata rafiki yangu alileta habari kwamba moja imefuliwa mundu, na aliyevuta mivukuto safari hiyo ni binti wa mwanawe, anayesomea ufundi wa magari Moshi. Pete ya tatu haijaguswa. Babu amesema hiyo ataishikia nyundo binti mwenyewe, na yeye atakaa kwenye mivukuto.