Wafo za viazi kiporo bila nafaka: kumbukumbu hadi jaribio la nane

Jokofu letu halikosi bakuli la viazi vya jana. Huwa tunachemsha vingi kuliko tunavyoweza kumaliza, na asubuhi yake kila mtu analipita lile bakuli akitafuta kitu kingine. Mdogo wangu naye hali nafaka ya aina yoyote: ngano, mahindi, mchele, mtama, shayiri, vyote vimeondoka kwenye sahani yake. Sisi wengine tukila mkate, yeye anarudia mayai, na kesho mayai tena. Mradi umeanzia hapo. Nina viazi visivyo na mlaji, nina mlaji asiye na mkate, na kabatini nina mashine iliyokaa muda mrefu bila kazi, ya kuokea wafo, vile vikate vya miraba vinavyobanwa kati ya vyuma viwili vya moto. Ninataka wafo ya chumvi, kavu kwa nje, laini kwa ndani, isiyo na hata chembe ya nafaka, na itoke kwenye mashine ikiwa nzima. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa.

Jaribio la 1

Viazi vya kuponda vya jana, vyenye maziwa na siagi, gramu 400. Yai 1, chumvi, pilipili manga. Nilipaka mashine mafuta, nikamimina, nikafunika na kusubiri dakika 4, kama nilivyozoea kwa wafo za unga. Kufungua tu, wafo ikachanika katikati: upande mmoja umeng'ang'ania juu, mwingine chini, na kati yake uji mweupe unaofuka mvuke. Nilichokoa vijishimo kwa kijiti cha meno karibu nusu saa nzima.

Lakini pembeni, pale mchanganyiko ulipotambaa ukawa mwembamba, palikuwa na ukoko wa rangi ya dhahabu, mkavu, unaovunjika kwa mlio. Mdogo wangu aliubandua wote akaula akiwa amesimama palepale. Tangu hapo nimejua ninachokitafuta: wafo ambayo yote ni ukoko kama ule.

La 2 na la 3

La pili niliongeza mayai yakawa 3. Ilitoka nzima, ila ilikuwa kimanda chenye viazi, laini mpaka inajikunja mkononi.

La tatu nilitaka kuondoa mabonge, nikavitia viazi kwenye blenda. Usifanye hivyo. Kiazi kilichoiva kina wanga uliofura ndani ya seli zake, na visu vya blenda vikizipasua seli hizo, wanga wote unamwagika nje na kuwa gundi. Nilipoinua kijiko, mchanganyiko wote uliinuka nacho. Sikuumwaga, niliutia kwenye supu na ukaipa uzito mzuri. Sasa naponda kwa uma tu, na mabonge madogo nayaacha.

La 4: maji

Hapa ndipo nilipotulia nikafikiri. Karibu asilimia 80 ya kiazi ni maji, na mimi nilikuwa nimeongeza maziwa juu yake. Chakula chenye maji usoni hakivuki nyuzi joto 100 mpaka maji hayo yatoke, ilhali ule ukoko wa dhahabu unahitaji nyuzi kama 140 kwenda juu. Kwa hiyo dakika zangu 4 zote zilikuwa zinaishia kwenye kukausha. Nilikuwa nafungua mashine kabla kazi yenyewe haijaanza.

Nikafanya mambo mawili. Kwanza, niliviweka viazi vya kuponda kwenye sufuria pana bila mafuta, moto mdogo, nikavigeuzageuza kwa mwiko mpaka vikaanza kuacha utando mwembamba chini ya sufuria. Nilipima kabla na baada: gramu 400 zilishuka hadi 345 kwa dakika 7 hivi. Hizo gramu 55 zote zingekwenda kutokea ndani ya mashine.

Pili, nilivuta kiti nikakaa mbele ya mashine na kutazama mvuke. Dakika ya kwanza unatoka kwa nguvu pande zote, na mlio wake ni wa kitu kinachochemka. Kufika dakika ya 4 bado upo, mzito, na hapo ndipo wafo za unga zinapokuwa tayari. Dakika ya 6 mlio unageuka, unakuwa mkavu, wa kukaanga. Dakika ya 7 au ya 8 unabaki uzi mmoja tu wa mvuke upande wa bawaba. Nikagusa kifuniko kwa kidole kimoja, kikainuka bila kubisha. Wafo ilibaki chini nzima, miraba yote imesimama. Nilimwita mdogo wangu aje aone kabla sijaitoa.

Tangu siku hiyo sitazami saa. Mvuke ukiisha, imeiva. Kifuniko kikikataa, naacha dakika moja nyingine, sikivuti.

La 5: kile kibandiko

Ilikuwa nzima lakini nzito kidogo, nikaongeza kijiko cha chai cha beking pauda. Mdogo wangu, ambaye kwa hali yake amezoea kusoma kila kopo, aliligeuza akanionyesha kibandiko: ndani mna wanga wa mahindi. Aina nyingi za beking pauda zina wanga wa mahindi ili unga wake ubaki mkavu. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu mradi wote ni kwa ajili yake na mimi ndiye ningemlisha nafaka. Mkupuo huo tuliula sisi wengine.

Nikajaribu beking soda na maji ya limau badala yake. Rangi ilikuja haraka, karibu iungue, na mwishoni ulimini ikabaki ladha ya sabuni. Nimeachana na viumushi vyote. Mayai mawili yaliyopigwa vizuri pamoja na mvuke wenyewe vinainua wafo hii kadiri inavyohitaji. Kiazi hakina kitu cha kushika mapovu kama ngano, hivyo kukilazimisha kiumuke kama mkate ni kukionea.

La 6: kiporo dhidi ya vilivyochemshwa leo

Jaribio nililolipenda kuliko yote. Nilichemsha viazi asubuhi hiyohiyo na kuviweka kando ya vile vya jana. Aina moja, uzito mmoja, mayai sawa, mashine ileile.

Vya leo vilinata kwenye kijiko, vikanata kwenye mashine, na ndani vilibaki na ulaini wa kunatanata. Vya jana vilichambuka vyenyewe. Wanga wa kiazi ukipoa hujipanga upya na kukaza, ndiyo maana kiazi cha baridi unaweza kukikata vipande safi na cha moto kinabomoka. Mimi nilianza nikidhani natumia kiporo kwa sababu ndicho kilichopo. Kumbe hata ningekuwa na viazi vipya kila asubuhi, ningevilaza kwanza usiku mmoja.

Vizuri kabisa ni vile vilivyochemshwa na maganda yake, vikapoa vizima, kisha nikavimenya na kuvikwaruza kwenye matundu makubwa ya kikwaruzio. Havina maziwa, havihitaji kukaushwa kwenye sufuria, na zile nyuzi zake ndizo zinazokuwa ukoko. Navitia kwenye jokofu kabla ya saa 2 kupita tangu viive, na sivitumii vikizidisha siku 3.

La 7: kipimo nilichokiandika kwa wino

Gramu 400 za viazi vya jana vilivyokwaruzwa, mayai 2, gramu 60 za jibini gumu lililokwaruzwa, gramu 30 za wanga wa viazi, majani ya kitunguu yaliyokatwa kiganja kimoja, nusu kijiko cha chai cha chumvi na pilipili manga ya kutosha. Wanga wa muhogo nao unafaa, lakini wafo inakuwa na mvuto kidogo unapotafuna. Wa viazi unatoa ukavu ninaoutaka. Chumvi usiitie mapema, inavuta maji na mchanganyiko unalegea bakulini.

Mashine iwe moto hasa kabla ya kupaka mafuta. Napaka samli, kwa sababu siagi huungua na kuacha madoa meusi. Halafu, kabla ya kumimina, nanyunyiza jibini kidogo moja kwa moja kwenye chuma. Linayeyuka, linajikaanga kwa mafuta yake lenyewe na kushikana na nyuzi za viazi, na wafo inapotoka juu yake pana kimiani cha kahawia kinacholia ukikigonga kwa ukucha. Natandaza mchanganyiko mpaka pembeni, nusu ya unene niliokuwa naupa wafo za unga. Zikitoka naziweka juu ya waya. Ukizipanga juu ya sahani, mvuke wa chini unarudi kulainisha kazi yako yote.

La 8: za akiba

Nilipika mikupuo miwili nikagandisha wafo sita, karatasi katikati ya kila moja. Leo asubuhi nimezirudisha kwenye tanuri la nyuzi 200 kwa dakika 10, juu ya waya. Zimerudi kavu, nadhani hata kuliko siku ya kwanza. Mdogo wangu alikula mbili zenye yai juu, ya tatu akaifunga kwenye kitambaa akaenda nayo kazini.

Kwenye jiko sasa hivi pana bakuli la maji niliyokamulia viazi vibichi viwili. Nimeyaacha yatulie tangu saa nne. Chini kabisa umeshajitenga utando mweupe, mgumu kama chokaa ukiugusa. Nitamwaga maji ya juu, niukaushe, niupime. Nikipata gramu 30, mkupuo unaofuata hautahitaji wanga wa pakiti.